Mkate Wenye Pengo la Hamrokul

Ukitaka kumuudhi Hamrokul, fundi friji wa mtaa wetu hapa Kokand, usihangaike kumwambia kazi yake mbovu. Atacheka. Ukimwambia bei yake kali, atakuonyesha vidole vilivyochubuka, nawe utalipa. Wewe muulize tu, kwa upole, "Bwana Hamrokul, unakwenda wapi?" Hapo uso utamjaa mikunjo, atachukua spana yake, na siku hiyo chai utakunywa peke yako.

Mimi nimekaa naye ukuta mmoja miaka mingi, kwa hiyo chanzo chake nakijua. Alipokuwa kijana, kabla hajaoa, dada yake Zebo alikuwa mchuuzi wa mpakani. Anapeleka vitambaa Kazakhstan, anarudi na unga, sabuni na matusi mapya. Siku moja akamchukua mdogo wake amsaidie kubeba. Wakafika mpakani, foleni ndefu, jua la utosi. Zebo akapita. Ikafika zamu ya Hamrokul. Ofisa akamwuliza, "Unakwenda wapi?"

Sasa hebu fikiria. Mtu amesimama mpakani, mbele yake ipo nchi moja tu. Hata mbuzi angejibu. Hamrokul akafikiri. Akafikiri tena. Akasema, "Sijui. Muulize dada."

Akarudishwa. Zebo alipiga kelele ng'ambo ya geti mpaka sauti ikakauka, na vitambaa vyote vilikuwa huku kwa mdogo wake. Tangu siku hiyo Hamrokul hajavuka mpaka wowote. Hata barabara anavuka akiwa na mashaka kidogo.

Isipokuwa hilo, ni mtu mzima kabisa. Ana mikono ya dhahabu na kinywa kisicho na dhahabu, nami naeleza. Miaka ya nyuma mlango wa friji ya mteja ulimtoka mkononi ukamgonga mdomo, jino la mbele likaenda zake. Kwetu hapa mtu akipoteza jino anaweka la dhahabu, watu wajue kwamba analo tena na analo zuri. Zebo kinywa chake kikifunguka jua likiwapo, unafumba macho. Hamrokul akakataa. "Dhahabu hiyo ni ya Muattar," akasema. "Mimi pengo linanitosha, linanipitishia hewa." Akaendelea kutabasamu na tundu lake hilo mpaka tukalizoea kama tunavyozoea nyufa za ukuta.

Muattar ndiye mwanawe wa pekee. Msichana mwembamba, meno madogo yamepangana kama punje za hindi changa. Meno yake nayataja kwa makusudi. Alisoma Kikorea kwa mwalimu mmoja nyuma ya soko, akasoma mpaka akawa anaota kwa Kikorea. Hayo ni maneno ya mama yake, Robiya, ambaye mimi sijui alitambuaje kwamba ni Kikorea. Chuo kimoja cha Korea kikampokea asomee uhifadhi wa vyakula. Viza ikatoka. Tukapika pilau, tukala, tukajua kazi imekwisha.

Kesho yake wakala aliyemshughulikia Muattar karatasi zake akatuma ujumbe wa sauti. Huyu wakala ana kiofisi karibu na stendi, na sauti yake ni ya mtu anayekula huku anaongea. Akasema, "Kumbukeni jamani, viza ni ruhusa ya kubisha hodi. Anayefungua mlango ni ofisa wa kule uwanja wa ndege. Akimwona mtoto anababaika, anaweza kumrudisha na ndege hiyohiyo."

Hamrokul akausikiliza ujumbe ule, akaurudia, akauleta kwangu nikausikiliza na mimi. Rangi ilikuwa imemtoka.

"Atababaika," akaniambia.

"Mtoto ana akili, bwana."

"Akili anayo. Lakini ni damu yangu. Ukoo wetu ukiulizwa swali mpakani, ulimi unalala."

Nikamwambia ulimi wa Zebo haujawahi kulala hata msibani. Hakucheka. Nikaona huyu mwenzangu hofu yake ni ya kweli: mwanawe atafika mlangoni mwa dunia, ataulizwa neno moja, atasema sijui, na atarudi Kokand kuziba mianya ya friji kama yeye.

Basi maandalizi yakaanza, na akili zetu zikaanza kuvurugika.

Hamrokul alichukua friji mbovu iliyokuwa pale uani inangoja vipuri, akailaza chini ya mzabibu, ikawa meza ya ofisa. Nyuma yake akakaa Zebo, kofia ya mdogo wake kichwani, miwani ya Robiya puani. Mimi nilipewa kazi ya kuwa foleni. Muattar akatokea mlango wa jikoni na begi, akasogea.

"Pasi," Zebo akasema.

Muattar akatoa pasi, akatabasamu.

"Unachekea nini? Umeficha nini?"

"Shangazi, wakala kasema nitabasamu kidogo."

"Wakala kavuka mipaka mingapi? Mpakani hawachekiwi. Ukicheka wanajua una mzigo. Angalia viatu vyake."

"Atakuwa amekaa, shangazi. Viatu vitakuwa chini ya meza."

"Basi angalia mahali ambapo viatu vingekuwa."

Robiya akasema kutoka jikoni kwamba mtoto akiangalia chini watadhani anaumwa, na anayeumwa naye harudishwi? Hamrokul akaandika hilo kichwani, niliona macho yake yakipepesa. Wakati huohuo simu ikalia, wakala na ujumbe mwingine: karatasi zote ziwe mkononi, hata moja isiwe kwenye begi la chini. Tukatoa karatasi zote kwenye begi la chini. Saa ile ile akaja jirani wa pili, ambaye shemeji yake alishafika kule, akasema karatasi zikiwa mkononi zote zinamezwa na mfuko wa kiti cha ndege, bora nusu ziwe chini. Tukarudisha nusu. Halafu hatukujua ni nusu ipi.

"Tuendelee," Zebo akasema. "Jina?"

"Kusoma," Muattar akajibu.

Hata njiwa wa Hamrokul walinyamaza.

"Nimekuuliza jina."

"Samahani, shangazi. Nilidhani umeanza na lile la pili."

Hamrokul alikaa kwenye ngazi, akashika kichwa. "Umeona," akaniambia. "Imeanza."

Walirudia kila jioni wiki ile. Muattar akawa anajibu vizuri kuliko redio, lakini kwa mpangilio wake mwenyewe. Ukimuuliza atakaa wapi, anakupa anwani ya bweni mpaka namba ya chumba. Ukimuuliza ana miaka mingapi, anakupa anwani hiyohiyo. Na kila alipokosea alitazama upande wa baba yake, na baba yake naye alikuwa anamtazama, basi wote wawili wakapotea.

Kisha ukaja ujumbe uliotuvuruga moja kwa moja. Wakala, mdomo umejaa, akasema, "Na awe tayari kuwaonyesha kwamba ana sababu ya kurudi nyumbani masomo yakiisha. Hilo wanalitazama sana."

"Kuonyesha," Hamrokul akasema. "Umesikia, jirani? Siyo kusema. Kuonyesha. Wanataka ushahidi."

"Aseme ana mama," Robiya akasema.

"Kila mtu ana mama. Hata wanaorudishwa wana mama."

"Aonyeshe picha ya nyumba."

"Nyumba ina jina la marehemu baba. Watauliza marehemu ni nani, mtoto atasema kusoma."

Tukakaa. Robiya akamimina chai. Hamrokul macho yake yakatembea ukutani, yakasimama kwenye msumari ulio juu ya kabati. Msumari ule naufahamu. Kwetu mtu akisafiri, anaung'ata mkate pande moja, na unaobaki unafungwa kitambaa, unatundikwa mpaka arudi aumalizie. Mkate ndio unaomvuta. Zebo enzi za uchuuzi aliung'atia mikate msumari huohuo, na alirudi kila mara, ingawa wengine tulishaanza kuomba apumzike.

"Mkate," Hamrokul akasema polepole.

"Mkate umefanyaje?" Robiya akauliza.

"Sababu ya kurudi. Mtu aliyeng'ata mkate atakosaje kurudi? Auchukue, amwonyeshe ofisa. Tazama bwana, nimeung'ata, haujaisha, lazima nirudi. Nani atabisha?"

Robiya akaweka birika chini. "Mkate unakaa hapa, baba Muattar. Ukienda naye, nani atamvuta? Utakuwa umemfunga kamba, halafu ukampa na ncha ya pili."

"Lakini asipopita mlangoni, huyo mvutwaji atakuwa wapi? Atakuwa hapahapa, anatazamana na mkate."

"Na ofisa akiuona," Zebo akasema, "atasema tunawapelekea makombo. Mimi ningekurudisha kwa hilo tu."

Nikaona nitie busara yangu. Nikasema, "Ang'ate miwili. Mmoja ubaki, mmoja uende."

Robiya alinitazama kama nimemwaga chai yake. "Miwili. Huyu atavutwa huku, atavutwa kule, atakuja kuchanika. Jirani, wewe kunywa chai."

Nikanywa chai. Robiya akakata shauri: mkate mmoja, unang'atwa hapa, unabaki hapa. Hamrokul akasema sawa. Alisema sawa haraka mno, nami ninavyomjua ningepaswa kushtuka, lakini siku ile na mimi kichwa changu kilikuwa kimejaa mifuko ya viti vya ndege.

Asubuhi ya safari nilileta kigari changu mlangoni. Begi lilikuwa limefungwa, likafunguliwa, likafungwa tena, kwa sababu ya zile karatasi za nusu. Robiya akaleta mkate wa moto kutoka tanuri la jirani, wa duara, katikati umetobolewa maua, juu mbegu nyeusi. Muattar akaung'ata, pande dogo, akatafuna huku machozi yanamtoka, Robiya naye analia, Zebo analia akisema halii. Robiya akaufunga mkate kwenye kitambaa chake cheupe chenye mstari wa bluu, akautundika kwenye msumari. Wanawake wakatoka na mtoto kuja garini. Hamrokul akasema amesahau kofia.

Mimi niko kwenye usukani. Nikangoja. Nikangoja. Nikapiga honi. Bado. Nikapiga nyingine, ndefu. Akatoka mbio, kofia mkononi, akaenda moja kwa moja nyuma ya gari, akahangaika na zipu ya begi. "Nakaza," akasema. Nikaona ni mtu wa spana, kukaza ni kazi yake.

Tukaondoka watatu: mimi, yeye, na Muattar. Robiya alibaki amwage maji nyuma yetu, dua ya safari njema, Zebo alibaki amshike Robiya.

Kokand mpaka Tashkenti unapita milimani, na kule juu kuna kituo cha polisi. Kijana mmoja mwenye kirungu akatusimamisha, akainama dirishani upande wa Hamrokul.

"Mnakwenda wapi?"

Nikamtazama Hamrokul. Mdomo wazi, pengo linapitisha hewa, sauti hamna. Jasho likaanza kumtiririka kwenye kidevu. Muattar kutoka nyuma akaona baba yake amekwama, akarukia.

"Kusoma," akasema.

Polisi akamtazama yeye, akamtazama Hamrokul, akanitazama mimi na ndevu zangu. "Wote?"

"Mimi nawapeleka," nikasema.

"Wasome kwa bidii," akasema, akapiga bodi la gari, tukapita.

Tulipofika uwanja wa ndege, Hamrokul alimshika binti yake kichwa kwa mikono miwili, akambusu kwenye paji la uso. Alitaka kumwambia kitu. Kikaja mpaka kwenye pengo, kikarudi. Akasema tu, "Ukibanwa, fungua begi." Muattar akadhani anazungumzia zile karatasi. Akaitikia, akaingia, hatukumwona tena.

Tukiwa njiani kurudi, tumeshapita kituo cha polisi, ndipo aliponiambia.

"Jirani, nimefanya jambo."

Alikuwa amenunua mkate mwingine alfajiri tanuri lilelile, akaung'ata mwenyewe, akaufunga kwenye kitambaa pacha cha kile cha Robiya. Tulipokuwa garini, aliteremsha mkate wa Muattar msumarini, akatundika wake badala yake ili Robiya asigundue, na ule wa Muattar akautia kwenye begi. Awe na cha kumwonyesha ofisa.

"Kwa hiyo msumarini pale umetundikwa wewe," nikasema.

"Mimi."

"Na wewe huendi popote."

"Ndiyo maana nikaona hakuna hasara."

Akatazama miamba. Kisha akasema, na sauti yake haikuwa ya utani hata kidogo, "Akipita, hana kinachomvuta. Nimeuza kurudi kwake ili aingie. Sijui kama baba mwenye akili anafanya hivyo. Ulipopiga honi ile ya pili sikujua tena nataka lipi. Nataka aingie. Nataka arudi. Mikate yote miwili ilikuwa juu ya friji, jasho linaniingia machoni."

Nilizima redio, ambayo hata hivyo ilikuwa haishiki.

Kesho yake sikwenda popote. Niliingia kwao na nikakuta Hamrokul ameifungua friji ya mteja, ameifunga, na mkononi kabakiwa na kipande ambacho hajui kimetoka wapi. Zebo alikuwa pale. Robiya alikuwa anapiga pasi nguo ambazo zilishapigwa pasi. Hamrokul kila dakika anatazama msumari, anatazama simu. Kwa hesabu zake, ndege ilikuwa imetua zamani. Kimya hicho maana yake ni nini? Amepita? Amekaa chumba cha kurudishwa?

Simu ikalia. Ya video. Robiya akaiegemeza kwenye birika, tukabanana wote wanne mbele yake. Muattar huyo hapo, macho mekundu, nyuma yake ukuta mweupe na kitanda cha juu.

"Uko wapi?" Robiya akauliza.

"Bwenini, mama. Nimepita."

Robiya akalia. Zebo akasema, "Umeona? Hukucheka." Hamrokul alikaa chini.

"Walikuuliza nini?" nikauliza mimi, maana hao wengine walikuwa na shughuli.

"Hakuna kitu, mjomba. Ofisa wa pasi alisema niweke vidole kwenye mashine, nikaweka. Akasema nitazame kamera. Nikangoja maswali. Akanirudishia pasi. Nikamwambia, kusoma. Akaniambia, ndiyo, pita. Nikampa na anwani ya bweni. Akaniambia tena, pita, kuna watu nyuma yako."

Zebo akavua miwani ya Robiya aliyoivaa aione simu vizuri. Wiki nzima ya mazoezi ya friji, bure.

"Basi nikajua yamekwisha," Muattar akaendelea. "Nikachukua begi. Kumbe kule kwenye ndege nilijaza karatasi ya forodha, wanauliza umebeba chakula, nikaandika sina. Kwa sababu sina. Nafika mlango wa mwisho kabisa, mama mmoja wa forodha akaniita, fungua begi. Nikafungua. Juu kabisa kuna kitambaa cha mama. Akakifungua. Mkate."

Robiya aliacha kulia. Aligeuka taratibu akamtazama mumewe. Kisha akatazama msumari. Mkate ulikuwa unaning'inia pale, salama. Akarudi kwenye simu. Uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyehesabu kuku akapata mmoja zaidi.

"Mkate gani?" akauliza.

"Hata mimi sikujua, mama. Yule mama akaniuliza, umeandika huna chakula, hiki ni nini? Kikorea chote kikanitoka. Akaniuliza, umeula wewe? Nikatazama. Nikasema hapana, ameula baba."

"Baba?" Hamrokul akasema.

"Ndiyo, baba. Lile pengo lako. Katikati ya alama ya meno kumesimama kipande cha mkate kama kijiti. Nani mwingine?"

Hapo nikamwona Hamrokul akifungua mdomo, na lile tundu lake kama linasikiliza.

"Akaniuliza baba yako yuko wapi. Nikasema nyumbani. Kwa nini ameung'ata? Nikasema, kwetu msafiri anang'ata ili arudi. Akasema, baba yako ni msafiri? Nikasema hapana, mimi ndiye msafiri. Akasema, sasa mbona ameng'ata yeye? Nikamwambia, mama, hata mimi sielewi. Nikaanza kulia."

"Maskini mwanangu," Robiya akasema, huku jicho moja limebaki kwa mumewe.

"Akamwita mkubwa wake, mzee mmoja. Mzee akaunusa, akaukuna zile mbegu, akaupindua. Akaniuliza, na wewe wako uko wapi? Nikasema wangu uko nyumbani, mama ameutundika ukutani, niliung'ata leo asubuhi. Sijui leo au jana. Akasema, kwa hiyo utarudi. Nikasema nikimaliza kusoma, nitarudi niumalizie. Sikusema vile tulivyofanya mazoezi, baba, ilitoka tu. Akaniambia siku nyingine ukijaza karatasi andika unacho, hata kama hukijui. Akaufunga mwenyewe, fundo halikukaa sawa, akanipa, nikapita."

Robiya alikuwa ameshasimama juu ya kiti. Aliuteremsha mkate kutoka msumarini, akafungua kitambaa juu ya meza mbele yetu sote. Alama ndogo, imekatika safi, meno yamepangana kama hindi changa. Hakuna kijiti katikati.

Hamrokul aliishika meza. Kumbe pale juu ya friji, honi yangu inalia, jasho machoni, alikuwa ameurudisha wa Muattar msumarini na kuutia wake begini. Alifanya kila kitu alichokusudia, kasoro mikate.

"Umeukosea," nikamwambia.

"Nimeukosea," akasema, na sijawahi kumwona mtu anafurahi hivyo kwa kukosea.

"Baba Muattar," Robiya akasema. Sauti ilikuwa ya chini, ile mbaya. "Uliteremsha mkate wa mwanangu?"

"Niliuteremsha, lakini nikaupandisha."

"Ulitaka kuupandisha?"

Hilo nalo lilikuwa swali la mpakani, ulimi ukalala. Zebo akamjibia, kwa sababu ndiyo kazi yake tangu zamani. "Niulize mimi," akasema. "Alitaka mtoto aingie. Mwache. Mjinga, lakini mwache."

Robiya alimwacha kwa kumnyima chai, na kwetu hilo ni kuachwa kwa kiasi. Aliufunga mkate upya, mafundo mawili, akautundika. Kisha akaiinamia simu. "Na huo mwingine umeufanyaje?"

"Ninao," Muattar akasema. Akageuza simu. Juu ya kitanda, kwenye ndoano ya koti, kitambaa cha mstari wa bluu kilikuwa kinaning'inia. "Niliona aibu kuutupa. Mwenzangu wa chumbani anauliza ni nini, nimemwambia ni baba. Sasa nifanyeje? Niule?"

Sote tukamgeukia Hamrokul, maana mkate ni wake. Naye akamgeukia Robiya, na Robiya hakumsaidia. Alikuwa anapanga vikombe.

"Usiguse," Robiya akasema bila kugeuka. "Aliyeung'ata ndiye atakayeumalizia. Si alitaka mikate isafiri? Na aufuate."

"Mimi?" Hamrokul akasema. "Korea?"

"Msumari ni msumari," Zebo akasema. Jino lake la dhahabu liling'aa. "Mkate unakuvuta huko, unabisha nini?"

Nilidhani yataishia hapo, kwenye kicheko. Lakini mwenzangu nilimwona siku zile akizunguka uani kama mtu aliyeitwa jina na hajui na nani. Mteja wa ile friji iliyobakiza kipande alikuja kuichukua, ikawa inagandisha vizuri kuliko mwanzo, na hakuna aliyeelewa. Muattar akapiga tena akasema mkate umekauka kabisa, umekuwa mgumu kama kigae, hauozi, utangoja. Kwenye mahafali, akasema, wazazi huwa wanaalikwa.

Jumamosi iliyofuata nilisikia kitu kizito kinaburuzwa upande wa pili wa ukuta. Nikachungulia. Ilikuwa ile friji mbovu, inarudishwa chini ya mzabibu. Zebo alikaa nyuma yake, kofia kichwani, miwani puani. Robiya alikuwa mlango wa jikoni, mikono kifuani, na birika la chai karibu yake. Hamrokul alisimama mbele ya friji amevaa koti lake la harusi, begi tupu mkononi.

"Jirani," Zebo akaniita, "njoo uwe foleni."

Nikaruka ukuta, nikasimama nyuma ya Hamrokul.

"Pasi," Zebo akasema.

Hana pasi bado. Akampa leseni ya gari.

"Unakwenda wapi?"

Nikaiona shingo yake ikikaza. Nikaliona lile jasho. Njiwa wakanyamaza. Akafikiri. Akafikiri tena. Nikajiandaa kusikia muulize dada, na dada mwenyewe alikuwa amekwisha fungua mdomo.

"Kwa binti yangu," Hamrokul akasema. "Kumalizia mkate."

Zebo akamtazama juu ya miwani kwa muda, akatafuta kosa, akakosa. Akagonga friji kwa ngumi kama mhuri, na Robiya akamimina chai.